Misuli ya Upepo

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kiseke, na kusahihisha watu ndio ugonjwa wangu. Wiki jana niliwapeleka wanafunzi ziwani waone dagaa wanavyoanikwa. Mama Kulwa, mwenye dagaa, akatuonya, "Mwalimu, upepo wa leo una nguvu."

Nikamkosoa mbele ya darasa: "Mama, upepo huwa mkali. Nguvu ni ya mwenye misuli."

Akacheka, akanipa pembe moja ya turubai tufunike dagaa. Ziwa likanguruma. Jamani, sijawahi kuliona likipumua vile! Turubai liliniinua kama karatasi, likanibwaga kwenye dagaa wabichi.

Mama Kulwa alikuwa amesimama palepale, pembe yake mkononi.

"Mwalimu," akaniuliza, "misuli yake umeiona?"