Jua la Huku Linadanganya

Jumapili, 21 Juni. Mvua asubuhi, kisha jua kali. Zege la roshani likatoa harufu ya jiwe lililolowa.

Harufu hiyo hunirudisha Weston, mtaa wetu wa kwanza huku ughaibuni, ukingoni mwa mto Humber, nikiwa na miaka kumi, na hasira huja nayo. Sijui kama ni haki kulikasirikia jambo la zamani hivi. Nitaandika, ninyi mpime.

Mwalimu alituonyesha picha za mawe yaliyosimamishwa na watu wa kale ili siku ndefu kuliko zote za mwaka jua lipite katikati yake. Nilirudi nyumbani nimewaka hamu. Jioni kadhaa nilishuka mtoni na mdogo wangu Baraka, nikaangalia jua linaangukia wapi ng'ambo, nikasimamisha mawe mawili ya majini, yanateleza, yananuka samaki. Baraka, aliyeniita Yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaya, hayo ni mafiga! Bado moja. Tunapika nini?"

Sheria ya Mama ilikuwa fupi: jua likizama, mtoto awe ndani. Alikuja nayo kutoka Uvira kwetu, ambako mwaka mzima saa kumi na mbili jua limeshajificha nyuma ya milima. Mimi niliishika vilevile alivyoisema. Siku yenyewe ilipofika, saa mbili usiku ilipita na jua bado liko juu, maana huku kiangazi huzama saa tatu. Sikuwa nimevunja kitu.

Ulibaki upana wa kiganja tu jua lifike kati ya mawe yangu. Ndipo nikasikia majina yetu, sauti imekauka kwa kuita. Mama alikuwa bado na aproni ya kiwandani, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

"Mama, jua bado!"

"Jua la huku linadanganya!" Akalisukuma jiwe kwa mguu, na la pili, yakabingirika majini. "Mnataka nife? Tangu saa kumi na mbili nawatafuta!"

Alinipandisha kilima amenishika kisogo nisigeuke. Sikuona jua likipita. Mtoni tukakatazwa mpaka shule zilipofunguliwa. Nilidhani nafasi ni siku moja tu kwa mwaka, kumbe jua la kesho yake lingeanguka karibu palepale. Hilo nalo hakuna aliyeniambia.

Nisimwonee. Alikuwa amesimama kwenye mashine kutwa nzima. Na nilipokuwa mtu mzima, mama mkubwa alinieleza kwamba kule Uvira mdogo wao alitoka kuchota maji giza likiingia, hakurudi. Naelewa. Lakini bado nimekasirika! Angesema neno moja tu, mawe ningeyaacha mwenyewe. Hofu alitugawia, sababu akabaki nayo.

Leo binti yangu ameomba kwenda mtoni na baba yake kutazama jua likizama. Mama, ambaye sasa anaishi nasi, akasema, "Saa kumi na mbili wawe ndani."

"Mama, mwambie kwa nini, au umwache aende." Nilisema kwa ukali zaidi kuliko nilivyotaka, labda.

Mtoto akaenda. Mama akageuza kiti kuelekea mlango, chakula hakukitazama, nami sikumbembeleza. Tulikaa hivyo mpaka mlango ukafunguka, viatu vimejaa matope.

"Bibi, sasa limezama kweli."

Ndipo Mama akanawa mikono. Tulikula ugali uliopoa, sombe ya majani ya muhogo na dagaa wetu wa ndagala.