Koroboi Zilizofungwa kwa Majani ya Sale

Vijana wanaoanza biashara huniuliza kama ni kweli kwamba siku za Mwingereza sisi mafundi wadogo wa Moshi tulikuwa na chama chetu. Ni kweli. Wenye maduka makubwa na wenye mashamba walikuwa na chemba yao ya biashara, iliyokutana katika chumba chenye feni na viti vya mito. Sisi tulikutana Njoro, barazani kwa mzee muuza mafuta ya taa, Jumapili alasiri Wakristo wakisharudi kanisani. Tulikaa mkekani. Watu wakatuita kwa kejeli "chemba ya mkeka". Tukalipenda jina, tukalichukua.

Nataka kueleza jinsi chama kile kilivyonisaidia, na nitaeleza polepole, kwa sababu watu wakisikia neno msaada hufikiria fedha. Chama chetu hakikuwa na fedha ya kumpa mtu. Kilikuwa na vitu vingine.

Mimi nilikuwa fundi bati. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyefika Moshi na mizigo ya watu kichwani, mama yangu mzaliwa wa Pangani, nami nikazaliwa hapa mjini. Ujanani nilifanya kazi katika kiwanda cha mkonge huko tambarare, kwenye mashine ya kukamua singa, zile nyuzi za mkonge. Nilitoka huko na kikohozi na kiapo cha kutorudi. Nikapanga chumba kimoja Njoro, nikaweka nyundo, mkasi wa bati na jiko la kulehemu, nikaanza kutengeneza koroboi, zile taa ndogo za bati zenye utambi mmoja na mkono wa kushikia.

Koroboi zangu hazikununuliwa. Watu wa mjini walitaka chemni za dukani, zenye kioo, hata kama kioo kimevunjika na kuzibwa kwa karatasi. Mke wangu alivumilia mwaka mzima, kisha tukakubaliana bila ugomvi: mwezi wa Ramadhani ukiandama na koroboi bado ziko ukutani, nifunge chumba, nirudi mkonge. Kaka yake alikuwa mnyapara huko na alikuwa ameshaniwekea nafasi. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja na siku chache. Kila usiku nilipokohoa, nilijua mke wangu anahesabu siku kama mimi.

Sasa nieleze desturi moja ya chemba ya mkeka. Kila kikao, mwanachama mmoja aliweka kazi yake katikati ya mkeka. Mwenzake mmoja aliichukua nyumbani, akaitumia wiki nzima, halafu akarudi kusema kasoro zake mbele ya wote. Kusifu kulikatazwa. Mtu akisema "ni nzuri tu" mwenyekiti alimrudisha nayo wiki nyingine. Mwenyekiti ndiye yule mzee muuza mafuta, na ndiye aliyeniachia madebe yake matupu nikate bati. Koroboi yangu aliichukua yeye mwenyewe. Wiki iliyofuata alinyoosha kidole gumba kilichobabuka.

"Fundi, taa yako inawaka vizuri," alisema, "lakini imenila kidole."

Nikausogeza mkono wa taa mbali na moto na kuukunja kwa nje. Koroboi ikawa koroboi. Chama kikaamua kwamba mjini hakuna soko lake, nijaribu mlimani, ambako watu walikuwa wakiwasha vijinga vya kuni. Katibu wetu, mshona nguo aliyesoma misheni, aliniandikia barua ya kuombea leseni ya uchuuzi, akaisoma mara tatu ili karani wa boma asipate pa kuirudishia. Leseni ikatoka.

Nilipanda na lori lililokuwa likienda kuchukua kahawa Kirua Vunjo, nikiwa na koroboi sitini zilizofungwa kumi kumi kwa kamba ya katani. Barabara ya milimani ilikuwa mashimo matupu. Tulipofika, kamba zote zilikuwa zimekatika na koroboi zimetapakaa kati ya magunia. Siku ya soko, wanawake wanapita na mikungu ya ndizi kichwani, na mimi nimekumbatia mabati kama mwizi. Kando ya njia palikuwa na ua wa mimea mirefu ya kijani, majani yake membamba na magumu kama mkanda. Nikakata majani mengi, nikafunga koroboi zangu upya, kila fungu mafundo mawili ili yasilegee. Nilijisifu moyoni kwa akili hiyo.

Soko la Kirua lilikuwa la wanawake. Wanaume walikaa pembeni kwenye nyama. Mimi, mtu wa mjini, nilikwenda moja kwa moja katikati, nikapanga mafungu yangu chini na kukaa. Wanawake wa karibu waliangalia mafungu, wakaangaliana, wakasogeza vikapu vyao. Mmoja alikuja, akainama, akaona mafundo, akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Nilimwita kwa Kiswahili, nikanyanyua fungu zima nimkabidhi. Alificha mikono yake nyuma. Hadi jua la utosini nilikuwa nimezungukwa na uwanja mtupu katika soko lililojaa watu. Nilirudi mjini na koroboi sitini.

Jumapili ile nilikwenda barazani kuaga. Nilisema watu wa mlimani hawataki taa, na kwamba mwezi ukiandama nitakuwa mkonge. Nilidhani watanipa pole na kahawa. Mwenyekiti alikataa kunipa pole. Alisema chama hakipokei neno "hawataki" mpaka mtu aeleze alichofanya, hatua kwa hatua, tangu alipotoka mlangoni kwake. Basi nikaanza: lori, mashimo, kamba kukatika. Nilipofika kwenye majani, katibu aliweka penseli chini. Yeye kwao ni huko huko Kirua Vunjo.

"Majani gani?" aliuliza.

"Yale marefu, ya kwenye ua."

"Ukayafunga fundo?"

"Mawili mawili."

Katibu alivua kofia yake akajifunika uso, mabega yakawa yanatetemeka. Tulidhani analia. Alipoweza kusema alitueleza kwamba jani lile ni sale. Wachaga hulipanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yao ya migomba yanayozunguka nyumba, na mtu aliyekosa hulifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea kuomba radhi. Ukilipokea, umesamehe. Kulikataa ni jambo zito sana. Kwa hiyo hakuna mwenye akili atakayelipokea kutoka kwa mtu asiyemjua, kwa kosa ambalo hajaambiwa.

"Fundi," alisema, akijipangusa macho, "umewaomba radhi wanawake wa Kirua wote, na wengine hawajazaliwa. Wanajiuliza hadi leo umewafanya nini."

Baraza zima lilicheka, nami nikacheka mwishowe, ingawa masikio yaliniwaka moto. Lakini angalia kilichofuata, maana hapo ndipo faida ya chama ilipo. Peke yangu ningerudi mkonge nikiamini kazi yangu ni mbaya. Mkekani, kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, tuligundua kwamba taa haina kosa, mlima hauna kosa, na kosa langu lina dawa. Tukapanga. Katibu ataacha cherehani yake siku ya soko, apande nami. Mwenyekiti naye akauliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: mwanamke wa Kirua akinunua taa, mafuta atapata wapi? Katibu alisema kule hayauzwi. "Basi na mimi nakuja," alisema, "na debe langu."

Tulianzia kwenye ule ua. Mwenye kihamba alikuwa mama mtu mzima, na katibu alituonya njiani kwamba huyo huyo ndiye mkubwa wa soko, anayewaonyesha wanawake pa kukaa. Alitukuta tumesimama mbele ya ua wake wenye pengo. Katibu alikuwa amenifundisha. Nikampa shikamoo, nikamnyooshea kwa mikono miwili jani moja lenye fundo moja, nikasema mimi ndiye niliyekata mpaka wake bila ruhusa, kwa kutojua. Katibu akatafsiri Kichaga. Mama alilitazama fundo, akalitazama pengo la ua wake. Kisha akajibu kwa Kiswahili safi.

"Wiki ile ulikuja na mafundo mengi bila kosa. Leo una fundo moja na kosa lake. Lete."

Alilipokea. Halafu akaelekeza kidevu kwenye kapu langu na kuuliza vile vibati ni vya nini.

Katibu alitaka kueleza, lakini mwenyekiti alimgusa mkono. Aliomba tuingie ndani. Nyumba ilikuwa ya nyasi, ya zamani, giza hata saa nne asubuhi, na ng'ombe wawili walikaa humo humo wakila majani ya migomba. Mwenyekiti alitia mafuta, mimi nikawasha. Mwanga ulipopanda, mama alitazama nguzo, dari, vibuyu vyake, kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Kisha akaichukua koroboi akachuchumaa kando ya ng'ombe.

"Angalia kupe hawa kwenye kiwele," alisema. "Nimekuwa nikimkama kwa kupapasa, na yeye ananipiga teke. Namtukana kila asubuhi. Kumbe alikuwa akiniambia."

Alicheka hadi akakaa chini. Halafu, bila kuambiwa desturi ya chemba yetu, akataja kasoro: kukama kunataka mikono miwili, na taa inataka mkono mmoja. Hapo hapo nilitoa waya kwenye mpini wa kapu langu, nikaukunja kwa koleo, nikautia nyuma ya koroboi. Mama aliitundika kwenye nguzo, akarudi nyuma, akakubali kwa kichwa. Nikatengeneza ndoana za koroboi zote tulizobeba, kwa waya aliotuletea mama, nimekaa pale mlangoni, ng'ombe akipumua mgongoni mwangu.

Sokoni alitutangulia yeye na koroboi yake ikiwaka mchana kweupe. Alituonyesha pa kukaa, pembeni, karibu na wanawake wa magadi. Alisema maneno machache kwa Kichaga, na katibu alininong'oneza kwamba anawaambia yule mwomba radhi ameshasamehewa, waje. Wakaja. Walinitania kwa lugha nisiyoijua, na kila utani ulimalizikia kwenye kununua. Mmoja aliuliza kupitia katibu kama mke wangu anajua kwamba naomba radhi kwa wanawake wengine. Mwenyekiti alipima mafuta kwa kopo hadi debe likalia tupu. Kabla ya alasiri sikuwa na koroboi hata moja, na wanawake waliokosa walikuwa wakinionyesha kwa vidole idadi wanayotaka soko lijalo. Tuliteremka kwa miguu hadi barabara kuu, watu wazima watatu, tukiimba.

Baada ya hapo mafuta ya mwenyekiti na taa zangu vilipanda mlima pamoja, Kirua na baadaye Machame. Katibu naye, baada ya kuona wanawake wa sokoni wanavyopenda kanga zilizopindwa vizuri, alianza kubeba cherehani yake. Kila aliyepanda alirudi mkekani na habari za wanachohitaji watu, na fundi mwingine akapata kazi humo.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, siku ya kwanza ya mfungo, shemeji yangu alikuja kunichukua kama tulivyoagana. Aliwakuta vijana wawili wa jirani wakinikatia bati, na mlangoni mafungu yaliyofungwa kwa kamba ya katani mara mbili, tayari kwa lori. Alisimama na kofia yake ya unyapara mkononi. Alisema bwana wa kiwanda anangoja, nafasi haitakaa wazi.

Mke wangu hakuinua kichwa kutoka kwenye tambi za koroboi alizokuwa akizikatakata.

"Kaka, mwambie atafute mtu mwingine," alisema. "Huyu ana kazi. Nawe kama umekaa bure, chukua koleo, waya zile hazijikunji zenyewe."

Shemeji alikaa. Waya zake za kwanza zilikuwa mbovu, nikamwambia kasoro zake moja moja, bila kumsifu, na hadi wakati wa kufuturu alikuwa amekunja ishirini nzuri.