Nukta ya Tatu Usiifute

Nakumbuka siku moja pale Tabata, mwanangu, nilimnyang'anya binamu yangu Salome raba ya kufutia, nikaitupa ng'ambo ya ukuta kwa jirani. Usicheke. Hata ya kwako ningeitupa jana, ila miguu ilinikatalia kuinuka.

Maana nimeiona karatasi yako ya grafu. Pale ulipofuta mpaka pakatoboka nimepaona. Nilipokuuliza, ukasema rula imepinda. Mchagua jembe si mkulima. Nimefundisha hisabati tangu baba yako hajazaliwa, sitadanganywa na mtoto wa kidato cha pili kwa habari ya rula. Keti bibi yako nikusimulie, na hiyo simu iweke kifudifudi.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimepanga chumba na sebule, na Salome alikuja kwangu kutoka Singida kurisiti hisabati. Chuo cha uuguzi kilikuwa kinamtaka afaulu somo hilo moja tu. Alishafeli mara mbili. Mjomba, yaani baba yake, alisema waziwazi kwamba hii ni ya mwisho; akikosa tena arudi nyumbani akasimamie duka, habari za unesi ziishe. Na Salome aliutaka unesi tangu alipomuuguza mama yake. Alikuwa analala na hofu hiyo na kuamka nayo.

Alasiri moja tulikaa barazani nikampa mlinganyo 2x − y = 3 auchoree grafu. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe kila ukija hapa Goba, na kila ukija umesahau. Mlinganyo huu una herufi mbili, x na y, kwa hiyo jibu lake haliwi moja. Majibu ni jozi zisizo na idadi, na zote zinakaa kwenye mstari mmoja mnyoofu. Unachagua x uipendayo, unaitia kwenye mlinganyo, unapata y yake. Unafanya hivyo kwa x tatu, unaandika kwenye jedwali. Halafu unachora mihimili miwili, wa x umelala na wa y umesimama, unaigawa kwa nafasi zilizo sawa, si hapa kidole pale shibiri. Kuweka nukta unaanza na x, unatembea kwanza kulia au kushoto kwenye mhimili uliolala, ndipo unapanda au kushuka kwa y. Nyie mnaanzaga na mnachotaka, kisha mnashangaa.

Basi Salome akachagua 0, 2 na 4. Kwa x ya 2, nne ukitoa y unapata tatu, kwa hiyo y ni 1. Sawa. Kwa x ya 4, nane ukitoa y unapata tatu, kwa hiyo y ni 5. Sawa pia. Kwa x ya 0 akaandika y ni 3. Ilitakiwa iwe −3, lakini alama ya hasi aliidondosha njiani kwa haraka zake. Akaziunganisha nukta mbili za mwanzo, ya 0 na ya 2, mstari ukateremka kwenda kulia. Nukta ya tatu ikabaki juu huko, peke yake, mbali kabisa na mstari.

Unajua alifanya nini? Unajua sana. Aliifuta, akaishusha mpaka ikakaa kwenye mstari, na kwenye jedwali ile 5 akaigeuza −1. Kisha akaniletea huku anatabasamu.

"Dada, si umesema lazima unyooke? Mie nimeunyoosha."

Hapo ndipo raba iliporuka ukuta. Nilikasirika, mwanangu, nikahisi kichwa kinapasuka.

"Nukta mbili zozote zitakupa mstari mnyoofu," nikamwambia, "hata moja ikiwa ya uongo. Ya tatu ndiyo shahidi. Wewe umemwita shahidi, kasema kweli, ukamziba mdomo."

Alilia, na sikumbembeleza. Kilichoniudhi ni kwamba mstari wenyewe ulikuwa mzuri kuutazama. Mtu angepita asijue kama kuna kosa. Njia ya mwongo ni fupi, na siku nyingine inapendeza kuliko ya mkweli.

Tangu siku hiyo alifanya mazoezi bila raba. Nukta ikikataa, haguswi mtu. Anarudi kwenye jedwali na kuzipiga hesabu upya zote tatu mpaka ajue nani kakosea. Alinuna wiki nzima, lakini alifanya.

Siku ya mtihani nilimsubiri nje ya geti la shule. Akatoka shati limelowa jasho. Akaniambia nukta ya tatu ilikaa pembeni na muda ulikuwa unakwisha, na mkono wake ulishaishika raba. Akaiweka chini. Akarudi kwenye jedwali, akaikuta alama ya hasi aliyoidondosha, ileile. Alifaulu, mjomba akameza maneno yake.

Sasa sikiliza, maana hapa sikutanii. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia Salome kwenye zahanati anayofanyia kazi, Kiwalani. Kichwa kilikuwa kinaniuma, nikasingizia joto. Akanipima presha mara mbili mkono huu, ikaja nzuri. Akapima na mkono wa pili, ikaja juu sana. Nesi mwenzake, binti mdogo tu, akasema hicho kipimo cha mwisho wakiache, bibi kachoka na safari, waandike vile viwili vinavyofanana. Na mimi, mwalimu mzima, nikaitikia, maana nilitaka kurudi nyumbani. Salome alinitazama kama nilivyomtazama yeye barazani.

"Dada, shahidi hafutwi," akasema, akaanza upya mikono yote miwili, kisha akanipeleka mwenyewe kwa daktari. Vidonge unavyoniona navimeza kila asubuhi vilitoka hapo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kilikuwa karibu kuniumbua.

Kwa hiyo, mwanangu, ukichora mstari tafuta nukta tatu. Zikikubaliana, piga rula na uuvushe mstari nje ya nukta pande zote mbili, maana majibu hayaishii pale ulipochoka wewe. Moja ikikataa, usiiguse. Rudi mwanzo utafute kosa, na hasa uzikague zile mbili zilizokufurahisha. Na mtu akikwambia jambo linaloharibu picha yako nzuri, mfanyie hivyohivyo kabla hujamwita mbishi.

Mungu akupe macho ya kuliona kosa lako mapema, na moyo wa kulirudia bila kununa. Akufikishe kwenye mtihani wako salama na akutoe salama. Haya, lete karatasi mpya. Raba niachie mimi.