Bingwa wa Nyumba Afutwa

Mshona mapazia aliachwa na mumewe. Mwanamume alibeba kitanda, godoro na hata pazia la chumbani, akaiacha kompyuta kwa kuwa ilikuwa kukuukuu, kama alivyomwona mkewe. Tangu hapo, kila ikiwashwa ilisema: "Karibu, Bingwa wa Nyumba." Ndivyo alivyojiita mtoro yule. Jina hilohilo lilikuwa juu kabisa kwenye orodha ya washindi wa mchezo wa mbio za magari. Mkewe alikuwa wa pili, miaka nenda miaka rudi.

"Mama mkubwa, tuweke Linux," alisema binti wa mdogo wake, fundi simu. "Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure, haumilikiwi na mtu."

"Huo ndio saizi yangu. Ila mchezo wangu je?"

"Utacheza vilevile. Lakini ya zamani yote yatafutika."

"Hata yeye?"

"Hata yeye."

"Futa, mwanangu! Sugua mpaka pembeni!"

Kompyuta ilipowaka tena, haikumkaribisha bingwa yeyote. Mshonaji alivua viatu, akang'ang'ania vitufe. Gari lake likagonga ukuta, likapanda bustani ya watu, likavuka mstari kinyumenyume. Jina lake likatokea juu kabisa.

"Wa kwanza!" akapiga kigelegele.

"Mama mkubwa, orodha ilikuwa tupu. Hata kobe angekuwa wa kwanza."

"Basi kobe asubiri zamu yake," alijibu, akivuta kiti karibu zaidi.