Mnala wa Msikiti

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Bungoma, Mpimaji Mkuu alinitoa nje akaniuliza naona nini. Nikasema naona mawingu. Akanicheka. Alitaka kujua macho yangu yanaishia wapi, maana kazi yetu ilikuwa kupima mwonekano, yaani umbali ambao mtu anaweza kuona kitu na kukitambua. Nyinyi vijana mna mitambo. Sisi tulitumia macho.

Baadaye nilihamishiwa kiwanja kidogo cha ndege nje ya Kitale. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, marubani wetu walishuka kwa vyombo, wakipenya wingu bila kuona nje. Lakini vyombo havimfikishi rubani chini kabisa. Kuna kimo ambacho akikifikia lazima aone kiwanja kwa macho yake, la sivyo apae tena. Alama yetu ilikuwa mnara wa msikiti mjini. Ukifichwa na ukungu, mwonekano hautoshi, ndege haishuki.

Shida ilikuwa ulimi wangu wa Kibukusu, uliogeuza kila r kuwa l. Msimamizi wa Kiwanja aliniondoa redioni.

"Hapa nataka mtu anasema mnara, si mnala," aliniambia.

Na yeye, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri, ndege ikichelewa alisema iko mbari, badala ya mbali! Iliniuma. Niliipenda ile redio kuliko kazi yoyote.

Asubuhi moja ya ukungu, ndege ilikuja na wageni wakubwa. Msimamizi aliona kitu cheusi kwa mbali, akashika redio mwenyewe na kutangaza kwamba mnara unaonekana. Kumbe ni tangi la maji, lililo karibu zaidi. Kabla sijafungua mdomo, rubani, aliyeizoea sauti yangu tangu zamani, akajibu.

"Yule mama wa mnala ako wapi? Sishuki mpaka aniambie yeye."

Msimamizi akanipa redio.

"Mnala siuoni," nikasema. "Zunguka kwanza."

Tukangoja, jasho likimtoka Msimamizi kwenye baridi ile. Hatimaye ukungu ukapasuka.

"Sasa naona mnala wote. Kalibu Kitale."

Ndege ikatua salama. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na redio sikunyang'anywa tena.

Siku niliyostaafu, Msimamizi alisimama na kikombe cha chai mbele ya wapimaji wapya.

"Kwa hii redio," akawaambia, "kama huoni mnala, usiseme unaona."

Hakuwa anatania. Nikapiga makofi kuwashinda wote.