Siku Tatu za Enesi Katika Chumba cha Giza

Enesi alizaliwa Mbebe, Ileje, na alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kusomea fizikia. Alifundisha sekondari moja ya Mlowo kwa miaka minne, kisha mwaka 2012 akapata ufadhili wa kusoma shahada ya pili Italia. Mama yake alimsindikiza mpaka barabarani, akamfunga kitenge mabegani, akarudi bila kugeuka nyuma.

Huko alipewa kazi ya kupima kihisi cha mwanga cha silikoni, kidogo kuliko ukucha. Kihisi hicho hunasa fotoni, yaani punje ndogo kabisa za mwanga, ila hakinasi zote. Enesi alitakiwa kukadiria, katika kila fotoni mia zinazokifikia, ngapi hunaswa. Alikifungia ndani ya sanduku jeusi lenye kipoza, kifaa cha kukiweka kwenye ubaridi, akakimulika kwa mimweko hafifu maelfu kwa maelfu, akahesabu ni mara ngapi hakikuona kitu, maana kadiri mara hizo zinavyokuwa chache ndivyo kinavyonasa fotoni nyingi. Shida ni kwamba hata kwenye giza totoro kihisi hutoa ishara za uongo, kama vile kimeona mwanga. Hizo nazo lazima zipimwe na kuondolewa.

Mei 2013 alipima siku tatu mfululizo. Simu aliifungia kabatini nje ya chumba, maana mwanga wake ungeharibu vipimo, akaisahau humo. Alipoichukua alikuta mdogo wake Osea amepiga mara kumi na tisa.

"Dada, mama tumemzika jana," Osea alisema. "Aliugua ghafla. Alikuwa anakuita. Nikamwambia nakutafuta, lakini akawa anaita tu."

Enesi hakulia. Kesho yake alirudi kazini, akazima taa ya mimweko, akaona ishara za gizani zimezidi maradufu. Akaziba kila upenyo wa sanduku kwa utepe mweusi. Hazikupungua. Akakaa anazitazama zikija moja moja, mpaka akaanza kuamini kuna mtu anabisha. Kwa sauti ya chini, kwa Kindali, lugha ya kwao, akasema yupo, anasikia.

Msimamizi wake, mama wa makamo, alimkuta hivyo. Akagusa ubavu wa sanduku.

"Kuna joto. Kipoza kimekufa, na kihisi kikipata joto hutoa ishara chenyewe."

Wakaangalia kumbukumbu za mashine. Kipoza kilikuwa kimekufa asubuhi ya siku ya kwanza ya vipimo.

"Siku hizi tatu zitupe," msimamizi alisema.

"Nikizitumia?"

"Utabaki na ile asilimia yako arobaini na tatu. Itapendeza, ila si kweli."

Enesi alizifuta kwa mkono wake, siku zilezile ambazo mama yake alikuwa akimwita. Hapo ndipo alipolia. Alirudia kazi yote kwa kipoza kipya, akapata asilimia thelathini na sita, akafaulu.

Mwaka uliofuata alirudi nyumbani. Kaburini alimuuliza Osea mama aliita akisemaje.

"Jina tu," Osea akajibu. "Kama anavyokuita uje kula."

Sasa anafundisha tena Mlowo. Wanafunzi wake wanampenda, na hesabu zao yeye huzikagua mara mbili. Lakini mara nyingine, mchana kweupe, sokoni katikati ya wanunuzi wa mahindi, husikia jina lake likiitwa. Hugeuka. Anajua hakuna mtu, na bado huitika, "Abee, mama," kisha husimama kidogo kabla ya kuendelea na safari yake.