Dua ya Foleni

Juzi katika duka la mbegu hapa Ilford, mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alinunua gunia la mbegu za tanipu, mboga ya mizizi. "Mimi sizili," alimwambia muuzaji. "Nawapandia kulungu. Mwaka huu vichaka vimejaa matunda mekundu kupita kiasi, na hiyo ni dalili ya baridi kali."

Nyuma yangu bibi wa Kizanzibari alimvuta bintiye mkono. "Kasema nini?"

Binti akamtafsiria. Bibi akashika kifua. Kwao watu hulinda mihogo isiliwe na kima. Hapa mtu anamlimia mnyama. Akainua viganja. "Mwambie hiyo sadaka hasa. Mungu amzidishie."

Mzee alipoelezwa alitabasamu. "Asante. Wakishazoea kuja kula, nakaa dirishani na bunduki. Hapo sikosi."

Binti alisita, kisha akatafsiri. Bibi aliteremsha viganja polepole, kama anayetua mzigo.

"Mwambie anirudishie dua yangu."

Nami wiki hiyohiyo bosi wangu kanipa koti jipya la baridi, bure. Bado sijalivaa.